Lori lenye shehena na lori tupu, lipi linasimama mapema? Tuongee inesha na msuguano

Mpini_Mrefu

Wakuu, heshima kwenu. Nimefungua uzi huu kwa sababu kwenye ule mwingine wa ajali watu walibishana mpaka usiku wa manane. Kambi moja inasema lori likijaa linashika lami, kwa hiyo linasimama vizuri. Kambi ya pili inasema lori likijaa halishikiki, ukikanyaga breki ni kama unampapasa tembo. Wote wana haki kwa sehemu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, siyo dereva wa semi, kwa hiyo wale wa barabarani na wa gereji mtaongezea nyama.

Tuanze na daladala. Umesimama katikati, umeshika bomba. Konda anagonga bodi, dereva anaondoka kwa pupa, unaserereka nyuma hadi kwenye mapaja ya mama aliyepakata ndoo ya dagaa. Nani kakusukuma? Hakuna. Soli za viatu zinasuguana na sakafu, sakafu ikaondoka na miguu yako, kiwiliwili kikabaki pale kilipokuwa. Mbele kidogo dereva anashika breki: miguu inasimama pamoja na gari, kiwiliwili kinaendelea na safari kwa kasi ileile. Likikata kona ya kulia unalalia kushoto, kwa sababu gari limegeuka na wewe ulikuwa unakwenda moja kwa moja. Hiyo tabia ya kitu kung'ang'ania hali yake, kiwe kimetulia au kinakwenda, ndiyo inesha. Kadiri kitu kilivyo kizito ndivyo kinavyokuwa king'ang'anizi. Kinachoweza kukibishia ni nguvu kutoka nje, na barabarani nguvu hiyo kubwa ni msuguano.

Binadamu walichelewa sana kulijua hili. Aristotle alifundisha kwamba kitu kikiacha kusukumwa kinasimama, na ukiangalia mkokoteni utamkubalia: punda akigoma, mkokoteni umegoma. Ibn Sina, miaka elfu moja hivi iliyopita, aliona mbali zaidi, akasema kitu kilichorushwa kisingesimama kama kisingekutana na cha kukizuia, hewa kwa mfano. Galileo akaja na mbao zake za mteremko, kisha Newton akaifunga hoja mwaka 1687. Mkokoteni ule haukusimama kwa sababu punda kaacha kuvuta. Umesimamishwa na msuguano wa ekseli na mchanga wa njiani.

Sasa turudi kwenye lori. Ukikanyaga breki, breki zenyewe hazisimamishi gari. Zinasimamisha magurudumu. Gari linasimamishwa na pale tairi linapogusa lami, vipande ambavyo kwa gari dogo kila kimoja kina ukubwa wa kiganja tu. Na msuguano wa pale unategemea mambo mawili: uzito unaokandamiza tairi chini, na hali ya mpira na lami vinavyokutana. Hilo la pili tunalipa namba. Mpira mzuri kwenye lami kavu ni kama 0.7 au zaidi kidogo, kwenye lami iliyolowa inashuka hadi 0.4 hivi.

Hapa ndipo kambi ya kwanza inapopata pointi. Ukiongeza shehena mara mbili, inesha imeongezeka mara mbili, ndiyo, lakini na uzito unaokandamiza matairi umeongezeka mara mbili, na msuguano nao vilevile. Vinakimbizana sawasawa mpaka uzito unajifuta kwenye hesabu. Kinachobaki ni kasi na ile namba. Kwa gari dogo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu, kuanzia mguu unapokanyaga breki: ukiwa na kilomita 50 kwa saa utatumia kama mita 14, ukiwa na 80 mita 36, ukiwa na 100 mita 56. Mvua ikinyesha zinakuwa mita 25, 63 na 98. Na hapo sijahesabu sekunde moja ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo kwa kasi ya 80 ni mita 22 nyingine kabla breki haijaguswa. Angalieni tofauti ya 50 na 80. Kasi haijafika hata mara mbili, lakini umbali umezidi mara mbili na nusu, maana umbali unafuata kasi mara kasi. Kile kibao cha 50 pale kijijini, ambacho sote tunakilaani tukiona trafiki kajificha kwenye mwembe, kina hesabu nyuma yake.

Lakini mbona basi lori lililojaa linaua? Kwa sababu hesabu hiyo inadhani breki zina uwezo usio na kikomo. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukua lori la tani 30 jumla linashuka mteremko wa Kitonga. Kila mita 100 za kimo linazoshuka, joto linalopaswa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha lita 90 za maji ya bomba, yaani ndoo nne na nusu. Na mteremko wenyewe hauishii mita 100. Lori hilohilo likiwa tupu, tani 10 tuseme, ni ndoo moja na nusu. Kwa hiyo kwenye tambarare, ukishika breki mara moja ya dharura, lenye shehena halina tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kwenye mteremko mrefu ndipo uzito unapodai chake, kwa sababu ngoma za breki zinameza joto kuliko zinavyoweza kulitema.

Hayo ndiyo yangu. Mwenye swali au ubishi, karibu.

Tela_Mbili

Mwalimu umeongea. Nimepita Kitonga na Sekenke miaka mingi, nikuongezee kuhusu lori tupu maana umelipita kwa juu.

Watu wanaliona tupu wanadhani ni salama. Breki za lori zimepimwa kwa ajili ya mzigo. Ukiwa tupu ukakanyaga kwa nguvu ileile uliyozoea, magurudumu ya nyuma yanagoma kuzunguka kabisa, yanaburuzwa huku yanarukaruka, unasikia pwa pwa pwa, moshi wa mpira unauona kwenye kioo cha pembeni. Na tela tupu likishalala upande linakuja kukusalimia dirishani. Ndiyo maana kwenye mvua mimi naliogopa tupu kuliko lililojaa. Kama lina vali ya kupima mzigo, ile inayopunguza nguvu ya breki gari likiwa jepesi, na inafanya kazi, nafuu kidogo.

Kwenye mteremko sheria yetu ya zamani ni hii: gia utakayopandia ndiyo utakayoshukia. Unaingiza gia nzito juu kabisa kabla hujaanza kushuka, unafungua breki ya eksozi, injini inalizuia gari, breki za mguu unagusa tu na kuachia. Ukisubiri mpaka gari limeshapata kasi ndiyo utafute gia, haiingii. Unabaki na nyutro na Mungu wako.

Na dalili zipo. Kwanza harufu, ile ya breki kuungua, utingo anaisikia kabla yako. Halafu pedeli inabidi uikanyage chini zaidi kupata breki ileile. Ukifika hapo tafuta pa kusimama, usijipe moyo.

Mpini_Mrefu

@Tela_Mbili ubarikiwe mkuu. Hiyo ya pedeli kwenda chini ina maelezo mazuri. Ngoma ya chuma ikipata joto inatanuka, inazikimbia shuu za ndani, kwa hiyo shuu zinasafiri mbali zaidi kuigusa. Wakati huohuo ile nyuzinyuzi ya shuu ikizidi joto lake, msuguano wake unashuka. Kwa magari madogo yenye breki za mafuta kuna jingine: mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 hivi, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, unakanyaga pedeli inagusa sakafu. Ukiambiwa na fundi ubadilishe mafuta ya breki usimuone mwizi. Kwa hili anasema kweli.

Na magurudumu kuburuzwa: tairi linalozunguka bila kuteleza linaishika lami kwa nguvu kuliko linaloburuzwa. Zaidi ya hapo, likishaburuzwa usukani unakuwa pambo, unakata kulia gari linaendelea na njia yake. Ndiyo kazi ya ABS, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza kwenye gari la sokoni mwaka 1978: inaachia na kukamata mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisigome.

Mwana_wa_Nakuru

Jirani zenu wa Kenya tuko hapa. Huku kwetu Salgaa imekuwa na sifa mbaya miaka mingi kwa jambo hilohilo: dereva wa lori anafika kileleni anatoa gia, anaachilia gari literemke lenyewe ili aokoe dizeli. Nimeongea na madereva kadhaa, wote wanaapa kwamba inaokoa. Mwalimu, kweli inaokoa?

Mpini_Mrefu

@Mwana_wa_Nakuru kwa injini za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta, haiokoi. Ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijizungushe yenyewe isizime, kwa hiyo inakunywa. Dereva anabaki bila injini ya kumzuia, joto lote linaenda kwenye ngoma, na bado dizeli inateketea. Gari za zamani hesabu yake ilikuwa tofauti kidogo, na nadhani mazoea hayo yalitoka huko. Lakini hata ingeokoa, unaokoa nusu lita unahatarisha watu wote wanaopanda huo mlima.

Mbishi_Nyumba_ya_Pili

Mimi sikubali. Umesema msuguano unategemea uzito na hali ya mpira na lami. Ukubwa wa eneo linalogusa hauhusiki? Basi mbona magari ya mbio yana matairi mapana? Na mbona tairi kipara ni hatari wakati kipara kinagusa zaidi kuliko tairi lenye kashata? Jibu hilo kwanza.

Mpini_Mrefu

@Mbishi_Nyumba_ya_Pili haya ndiyo maswali. Mfaransa Amontons alilisema mwaka 1699, Coulomb akalipima kwa kina karne iliyofuata: kwa vitu vigumu vikavu, msuguano unafuata uzito, eneo halihusiki. Chukua tofali, liburuze kwa kamba likiwa limelala, kisha liburuze likiwa limesimama kwa ubavu. Kamba inakazika karibu sawa. Tofali lililolala lina eneo kubwa, lakini kila kipande kimekandamizwa kidogo. Lililosimama lina eneo dogo lililokandamizwa sana.

Mpira hata hivyo ni mtundu, haufuati sheria hiyo barabara. Unabonyea, unaingia kwenye vinundu vya kokoto za lami, unanata kidogo. Kwa mpira, eneo lina msaada fulani. Tairi pana pia linagawa joto, kwa hiyo wanaweza kutumia mpira laini zaidi bila kuyeyuka.

Na kuhusu kipara, hapo hujakosea hata kidogo. Kwenye lami kavu kipara kinashika vizuri. Matairi ya magari ya mbio siku za jua hayana kashata kabisa. Kashata ipo kwa ajili ya maji. Ile mifereji inayatoa maji pembeni ili mpira ugusane na lami. Bila mifereji, maji yanabanwa mbele ya tairi, yanaliinua, na gari linaelea kama ngalawa. Watafiti wa NASA waliokuwa wanachunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni inayohusisha kasi ya kuelea na upepo wa tairi. Kwa tairi kipara kwenye maji yaliyotuama, likiwa na upepo wa 30 linaanza kuelea kwenye kilomita 90 hivi kwa saa. Likiwa na upepo wa 20, ni kama 74. Kwa hiyo kipara chenye upepo mdogo kwenye mvua ya masika, na dereva anakwenda 80 halali kabisa kisheria, hana usukani wala breki.

Jihadharini zaidi na ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Oili, vumbi na unga wa matairi vilivyolala barabarani miezi vinachanganyika na manyunyu kuwa uji. Ikinyesha kubwa dakika kadhaa inaosha. Manyunyu ndiyo mabaya.

Bi_Mdogo_Kigamboni

Hamjambo jamani. Mimi sina lori, nina kagari kangu kadogo. Wiki iliyopita kalizima kwenye lami vijana wawili wakakasukuma kwa kicheko. Siku nyingine kakakwama kwenye mchanga karibu na ufukwe, wanaume sita, jasho, na hakakutoka mpaka wakapunguza upepo wa matairi. Kwanini kupunguza upepo kusaidie wakati mmesema upepo mdogo ni mbaya?

Mpini_Mrefu

@Bi_Mdogo_Kigamboni hatujambo dada, pole na mchanga. Tairi likibingirika kwenye lami linazuiwa kidogo mno. Gari la kilo 1,200 unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 15 ukishaliondosha. Kazi ngumu ni ule mwanzo, kuishinda inesha, ndiyo maana vijana wanahesabu moja mbili tatu na kujirusha kwa pamoja, halafu wanaanza kucheka. Kwenye mchanga laini tairi linazama na kila sentimita linapanda kilima chake lenyewe, kizuizi kinaweza kufika kilo 240 na kupita. Wanaume sita hao nao wanateleza, maana miguu yao inategemea mchanga uleule.

Ukipunguza upepo tairi linalala, linakanyaga eneo refu zaidi, halizami sana. Na hapa @Mbishi ameshinda raundi moja: mchanga unabomoka, kwa hiyo eneo lina maana kubwa. Ukirudi kwenye lami jaza upepo, usisahau.

Relini_Daima

Mnabishana na malori, njooni kwenye treni. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linabingirika kwa urahisi hata kuliko tairi. Kwenye tambarare iliyonyooka, mabehewa ya tani 1,000 unayaendeleza kwa nguvu ya tani 2 tu au chini ya hapo. Ndiyo siri ya TAZARA kubeba shaba kilomita 1,860 kutoka New Kapiri Mposhi hadi Dar. Ubaya wake, chuma hakishiki chuma. Kichwa cha treni kinabeba mchanga mkavu kwenye masanduku, dereva anaunyunyiza juu ya reli mbele ya magurudumu yakianza kuteleza, hasa reli ikiwa na umande. Na kusimama tunahitaji mamia ya mita, treni ya mizigo inaweza kupita kilomita. Kwa hiyo ukijitosa kwenye makutano ya reli eti dereva wa treni atakuona, atakuona kweli, lakini hana la kukufanyia.

Mama_Wawili

Nimesoma kimyakimya ila swali moja. Mume wangu anasema mtoto akipakatwa siti ya mbele hakuna shida, "nitamshika". Fizikia inasemaje?

Mpini_Mrefu

@Mama_Wawili mwonyeshe jibu hili. Gari likiwa 50 kwa saa likagonga kitu kigumu, linasimama kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 anaendelea mbele na 50 yake. Ili kumzuia kwa muda huohuo inahitajika nguvu ya kubeba kilo 140, karibu mifuko mitatu ya saruji, na inakuja bila taarifa. Nawe mwenyewe wakati huo unakwenda mbele, na kama hujafunga mkanda unamkandamiza yeye kwenye dashibodi. Kasi hiyo ni sawa na ya kuanguka kutoka karibu mita 10, ghorofa ya tatu. Akae nyuma, kwenye kiti chake, afungwe. Hapa sina upole.

Boda_wa_Mbezi

Mwalimu usitusahau sisi wa magurudumu mawili. Nilipojifunza niliambiwa breki ya mbele usiiguse, itakupiga mwereka. Mpaka leo natumia ya nyuma tu. Niko sahihi?

Mpini_Mrefu

@Boda_wa_Mbezi waliokufundisha walikuwa na hofu ya kweli, lakini wamekunyima breki yako kubwa. Ukishika breki, inesha yako, ya abiria na ya mzigo inaelemea mbele. Unaiona mwenyewe, shokapu za mbele zinazama. Maana yake tairi la mbele limekandamizwa zaidi, msuguano wake umepanda, na la nyuma limekuwa jepesi, ndiyo maana linaburuzika upesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama kwako inatoka mbele. Anza na ya nyuma kidogo, kisha bana ya mbele taratibu ukiongeza, usiinyakue. Unyakuaji ndio unaopiga mwereka, kwa sababu uzito unakuwa haujafika mbele bado na gurudumu linagoma kuzunguka.

Kwenye changarawe, mchanga, mistari ya rangi iliyolowa, au ukiwa umelalia kona, punguza kabla ya kufika, na ya mbele iguse kwa upole sana. Jifunzie kwenye uwanja mtupu, bila abiria, kuanzia kasi ya 20.

Tela_Mbili

@Boda_wa_Mbezi na ukiwa mbele ya semi, tafadhali mkuu, usiingie kwenye ule uwazi ukashika breki. Breki zetu za upepo zinachelewa kidogo kukamata baada ya mguu kukanyaga. Ule uwazi nimeuacha makusudi.

Boda_wa_Mbezi

@Tela_Mbili 😂😂 nimekusoma. Kumbe mnauachaga makusudi, sisi tulidhani mnalala.